Kalibu ya Mzee Byabato

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu ambayo vumbi lake halijatua, kulikuwa na mjane huko Rwamashonga, kwenye vilima vya migomba. Jina lake Kokugonza. Mume alikufa kabla hajamwachia mtoto, na ukoo wa mume ukaanza kumtazama kama kiti kilichosahauliwa na wageni: hakuna anayekitupa nje, lakini kila mtu anajiuliza kitachukuliwa lini. Kwao alikuwa na kaka, kaka alikuwa na mke, na mdomo wa mke yule, nyie, acheni tu. Kokugonza alikuwa radhi alale na nguruwe kuliko kurudi kule.

Na nguruwe ndio walioanzisha mambo.

Alikuwa amechemsha shina la mgomba, akalitwanga mpaka likawa matope ya nyuzi, chakula cha hao nguruwe. Nguruwe wakavunja zizi. Kokugonza akayamwaga matope juu ya kitu kilichokuwa jirani na mkono, akawakimbilia. Kitu chenyewe kilikuwa bao la baba mkwe wake, Mzee Byabato. Aliporudi, jua lilikuwa limeshayakausha.

"Sasa unalilisha bao langu?" mzee akauliza.

"Nisamehe, tata. Walikuwa wanaelekea kwenye mihogo ya watu."

Mzee akabandua. Likatoka gamba zima, na kila shimo la bao limekuwa kikombe. Akachukua yai, akalitumbukiza. Likakaa kama limetagwa mle.

"Kuku wako hajawahi kupata kiota kizuri hivi," akasema.

Tangu siku hiyo vikaitwa viota. Mzee akachonga ubao wa mvule wenye mashimo ya kina, ndiyo kalibu, ya kukandamizia matope. Kokugonza akatia majivu kwenye chungu, nyuzi zikalainika zaidi. Mayai, kila moja ndani ya kiota chake, yakateremka njia ya mawe mpaka soko la ziwani. Yalivunjika? Hayakuvunjika.

Lakini matope yaling'ang'ania ndani ya kalibu kama mgeni aliyesikia harufu ya wali. Ukivuta, yanararuka. Ndipo akaja Kaijage, mtoto wa mdogo wake mzee, kijana wa mashati ya kubana na viatu vya ncha, ambaye watu walidhani hajui kazi yoyote ila kuchana nywele. Akachoma msumari motoni, akatoboa vitundu chini ya kila shimo. Maji yakachuruzika. Kiota kikatoka kizima, mara moja.

Halafu akaja Nesi Adventina wa zahanati, na pikipiki yake ya kelele. Chupa zake za dawa zilikuwa zinapasuka njiani kila wiki.

"Mae," akamwambia Kokugonza, "hivi mayai tu ndiyo yana haki ya kulala pazuri?"

Wakapanga chupa kwenye viota. Zilivunjika? Hazikuvunjika. Adventina, mwanamke asiyeweza kukaa na habari hata ikiwa ya moto mdomoni, akapeleka maneno kwa wenye vitalu vya kahawa: pandeni mche ndani ya kiota, mfukie na kiota chake, kitaozea ardhini, mizizi haitaguswa. Miche ilikufa? Haikufa. Akapeleka maneno kwa wauza vioo vya taa. Vioo vilipasuka? Havikupasuka. Kisha akaja mfinyanzi na vikombe vyake. Banda la kutengenezea viota, jirani na zizi, likajaa watu mpaka nguruwe wakahamishwa.

Mnauliza kwa nini wasichonge kalibu nyingine? Kaijage alijaribu. Viota vyake vilitoka vimeinama upande kama kofia ya mlevi. Mkono wa mzee ulikuwa wa mzee.

Na mzee alikuwa ameshasema mbele ya ukoo: "Mwenye kalibu ndiye mwenye banda, na mwenye banda haondolewi kwenye kibanja changu hiki cha migomba." Neno hilo Kokugonza alilimeza bila maji.

Mzee Byabato akaugua. Alasiri moja Kokugonza alikuwa anamnywesha uji. Kaijage alikaa miguuni pa kitanda, kalibu mapajani, anazibua vitundu. Mjane akajikaza, akauliza alichokuwa anaogopa kuuliza.

"Tata, kazi hii unamwachia nani?"

Papo hapo mlangoni pakaingia giza. "Hodi," akasema Adventina, na mkoba wake wa dawa.

Mzee akafumbua macho. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, juu ya kichwa cha Kaijage. Akasema, "Kalibu, mwanangu." Akafumba macho, akatulia, hakusema tena.

Sasa mnawajua watu wa Rwamashonga. Kwao *ra* na *la* ni mapacha, hata mama mzazi hawatofautishi. Mgeni akipiga hodi wanamwambia "kalibu," na ubao wa mashimo wanauita "kalibu." Na Byabato alimwita kila mtu "mwanangu," hata mtoza ushuru.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa. Kalibu ikawekwa katikati, juu ya jani la mgomba.

Kaijage akaanza. "Mkono ulikuja kwangu, na kalibu nilikuwa nimeipakata. Mimi ni damu yake. Bila vitundu vyangu, matope ya shemeji yangeng'ang'ania mle mpaka leo."

"Mkono ulipita juu ya nywele zako," akasema Adventina. "Ulikuja kwangu. Bila mdomo wangu mngekuwa mnabeba mayai mpaka kesho kutwa. Nikipewa, nitaiweka zahanati, kila mama wa kilima hiki aje afanye kazi. Si mtu mmoja."

"Wewe ulikaribishwa, nesi," akajibu Kaijage. " Ulipiga hodi, ukajibiwa."

"Na wewe ulijibiwa nini? Ulikuwa umeuliza?"

Watu wakamgeukia aliyeuliza. Kokugonza alikuwa amepiga magoti, mikono ina majivu, maana wenye kahawa walikuwa wanasubiri viota.

"Niliuliza mimi," akasema taratibu. "Mtu hujibu aliyemuuliza. Bila matope yangu, hiyo ni ubao wenye mashimo. Kaijage ana kwao. Nesi ana zahanati. Mimi nikitoka hapa, natoka na kanga."

"Basi kama ni kujibu," akasema mkubwa wa ukoo, "mbona hakukutazama?"

Kokugonza akatazama majivu ya mikononi mwake. Alikuwa amejiuliza hilo hilo kila siku ya matanga.

Mkubwa wa ukoo akaitazama kalibu, akakuna kidevu, akasema yeye masikio yake ni ya Rwamashonga, hayawezi kuamua. Akataka shauri lipelekwe kwa watu wenye ndimi zilizonyooka, wanaojua *ra* ni ipi na *la* ni ipi.

Ndiyo maana habari imeletwa kwenu, mlioshiba na kunyoosha miguu. Mzee alimkaribisha mgeni, au alitoa kalibu, na kama aliitoa, alimpa nani? Na kama alimkaribisha mgeni tu, akafa na jibu lake, je, kati ya aliyepika matope, aliyetoboa vitundu na aliyeeneza habari, nani alistahili? Semeni upesi. Mjane bado amepiga magoti.