Hindi Moja la Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kivivu? Mmeshiba sana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wanyama, nyumba kumi, na ghala moja la mahindi ya mbegu. Mtunza ghala alikuwa Fisi, aliyelala humo humo ghalani, nje ya zile nyumba kumi. Msinitazame hivyo, si mimi niliyemchagua!

Desturi yao ilikuwa kugawana mbegu sawa kwa sawa. Likibaki hata hindi moja, hakuna kugawa, yote yanarudi kwa mtunza ghala mpaka msimu ujao. Na kila mtu alijua Fisi anatunzia wapi. Tumboni.

Masika ikaanza. Wakahesabu: mahindi elfu mbili mia tano kumi na tisa. Wakagawa kwa kumi. Yakabaki tisa.

"Yamebaki! Rudisheni ghalani!" Fisi akaimba.

Kobe akasema, "Mimi nitalala njaa, gaweni kwa tisa." Wakagawa. Yakabaki manane.

"Yamebaki! Rudisheni ghalani!"

Panya naye akajitoa. Wakagawa kwa nane. Yakabaki saba.

"Yamebaki! Rudisheni ghalani!" Mate yanamtiririka, hana hata aibu!

Mama Kanga, mwenye vifaranga kumi na wawili, akaingiwa na hofu. Asipopanda wiki hii, watoto watakufa njaa. Akasema, "Bwana Fisi, basi Kobe na Panya warudi, tukuhesabu na wewe, tuwe kumi na mmoja. Tujaribu."

"Mimi? Nipewe fungu sawa na Panya? Thubutu!"

Mama Kanga akawaza. Kwa kumi yamebaki tisa. Kwa tisa, manane. Kwa nane, saba. Ala! Kila mara limepungua moja tu!

Akakimbia nyumbani. Alikuwa na hindi moja tu, chakula cha jioni cha vifaranga. Wakalia, naye akalia, lakini akalichukua. Akaliweka juu ya rundo la mahindi.

"Kuongeza hakujakatazwa," akasema. "Gaweni."

Wakagawa kwa kumi: kila nyumba mia mbili hamsini na mawili. Halikubaki hata moja.

"Gaweni kwa tisa!" Fisi akafoka. Halikubaki. "Kwa nane!" Halikubaki. "Kwa saba basi, jamani!" Wapi! Hesabu ile ilikuwa imenyooka kila upande.

Kila nyumba ikabeba fungu lake. Ghala likawa tupu kabisa.

"Na mimi je?" Fisi akauliza, sauti imekwisha.

"Hesabu mwenyewe," Mama Kanga akamjibu. "Toa hindi langu, kisha gawa yaliyokuwepo kwa kumi na moja."

Fisi akachora mavumbini, akafuta, akachora tena. Mia mbili ishirini na tisa kila mmoja, na hakuna linalobaki. Fungu lake lilikuwepo tangu asubuhi, na yeye ndiye aliyelikataa.

Akaketi mlangoni pa ghala, akalia kwa sauti, na Panya akamletea hindi moja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyecheka kuliko wote akaongeze kuni.