Kiboko Aliyemeza Moshi Wake

Nianze nisianze?
— Anza!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yasogezeni.

Palikuwa na Kiboko, mwili nyumba, tumbo ghala. Mfalme Tembo alimruhusu kuchoma mkaa ili wanyama wapate moto wa kupikia. Lo! Kiboko akashika shoka. Ko! Ko! Mti chini. Ko! Ko! Mwingine chini. Mkaa ukakosa hata pa kuwekwa, naye bado anakata. Mwishowe akaufikia mti wa Bi Perere, mnyama mdogo kama paka, aliyeishi kwenye tundu la mti huo na wanawe.

"Shuka, nakata."

"Bwana mkubwa, watoto wangu wamelala humu!"

"Waamshe. Nina ruhusa ya mfalme."

Bi Perere akatabasamu. "Hongera. Ruhusa ya moto unayo. Na ya moshi je?"

"Kwani moshi si mtoto wa moto?"

"Ni mtoto wake, ila hawalelewi nyumba moja. Moto uko kwa Nyani, msimamizi wa nishati. Moshi uko kwa Korongo, msimamizi wa mazingira. Kamuulize."

Kiboko mbio, tifu tifu tifu, hadi kwa Korongo.

Korongo akakohoa. "Moshi wako umewageuza wanangu kunguru! Sheria ya mazingira inasema moshi usipande angani. Zima!"

Kiboko akarudi, akazima tanuri lake la mkaa. Tshwiii!

Nyani akaja na sufuria kichwani. "Nani kazima? Maharage yangu hayajaiva! Sheria ya nishati inasema moto usizimike. Washa!"

Akawasha. Korongo, "Zima!" Akazima. Nyani, "Washa!" Akawasha. Jasho chururu!

Akarudi kwa Bi Perere analia. "Dada yangu, nifanyeje?"

"Moto uwake, moshi usipande. Umeze! Mdomo si unao?"

Kiboko akaona kweli. Akaziba tundu la tanuri kwa mdomo. Gwa! Gwa! Gwa! Tumbo likafura. Moshi ukamtoka masikioni, fyuu! Akaanza kuelea kama puto.

"Bi Perere, nishushe!"

"Pumua, bwana!"

Akapumua kwa nyuma. Mbrrrruuu! Akapaa juu ya msitu mzima, akaangukia mtoni. Chubwi!

Nyani na Korongo wakabaki kutazamana, maharage mabichi katikati yao. Bi Perere akawaambia, "Matawi makavu yamejaa chini, na moshi wake si mwingi. Okoteni, mpike." Wakaokota, wakapika, wakala pamoja. Perere wadogo wakaendelea kukoroma mtini.

Kiboko mpaka leo hushinda majini, akipanua mdomo ili moshi uliobaki utoke. Ukimtajia moto, anazama.

Funzo lake, wanangu: ukipewa ruhusa ya kitu kimoja, usiulizie cha pili. Kuuliza kunavimbisha tumbo.

Ngano yangu imetumbukia mtoni. Anayeitaka akalowe!