Madebe Tisa ya Asali

Si hapo zamani sana. Ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Juni, saa saba kasoro robo mchana, Mwenyezi Mungu alipomchukua mume wangu, Maulidi Kapaya, mpimaji wa asali wa chama chetu cha ushirika. Asubuhi hiyo alikuwa akisaili watu watatu, apatikane mmoja wa kushika kazi yake. Mimi nilikuwa nikimimina chai, nikasikia yote.

Aliwaita mmoja mmoja, fumbo likawa lile lile. "Madebe tisa ya asali yamefungwa. Moja limetiwa maji, kwa hiyo ni jepesi. Una mizani ya sahani mbili, na unapima mara mbili tu. Utalijuaje?"

Tausi akajibu chai ikiwa bado inafuka. "Napima matatu kwa matatu, mzee. Kwenye upande mwepesi ndimo lilimo. Yakilingana, limo katika matatu yaliyobaki. Katika matatu yenye hilo jepesi napima mawili, moja kila sahani; likiinuka moja, ndilo. Yakilingana, ni la tatu." Kisha akainama. "Ila nisikufiche. Nililisoma wiki iliyopita kwenye simu."

Luhende hakuwahi kulisikia. Akapanga vizibo tisa vya soda mezani, akakosea, akapanga upya, akakosea tena.

"Muda umekwisha, kijana."

"Niandikie sifuri, baba, lakini niache nimalize." Akamaliza, na akapata.

Nyamizi akasema, "Limenishinda, mzee. Lakini nani kakuhakikishia ni moja tu? Aliyetia maji la kwanza asijulikane, ataliacha la pili? Mimi ningefungua yote tisa, nionje."

Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi.

Barazani wakawa wanataniana.

"Mimi nimejibu, na nimesema kweli," akasema Tausi.

"Wewe umekumbuka, dada. Mimi nimefikiri," akasema Luhende.

Nyamizi akasema, "Mmejibu fumbo, hongereni. Wateja wanakula asali."

Mume wangu akaniambia, "Mama Zaituni, leo nimefurahi. Nimeshampata. Nikimaliza kuswali nitamtaja." Akaenda kuswali adhuhuri. Akasujudu, hakuinuka.

Sasa chama kinasema, "Mama, wewe ndiwe uliyemjua mzee. Utakayemtaja ndiye tutakayemwajiri." Kazi ni moja. Nimewaza tangu matanga hadi arobaini.

Nanyi mmesikia kama nilivyosikia. Je, mizani ya mume wangu apewe nani?

Ewe Mola, msamehe Maulidi, lipanue kaburi lake, ulitie nuru. Amina.