Doti ya Mwasiti

Asubuhi ile mke wangu Mwasiti alinikabidhi doti mpya ya kanga. "Mpitishie fundi aikate na kuipinda. Usirudi nayo, bwana wee!" Fundi alikuwa hajafungua. Nikaitia mkobani, nikashuka bondeni kupima mashamba, kusikoshika simu.

Sasa wajueni watu watatu ambao mimi na mke wangu hatukuwajua. Mwanakombo, muuza chapati, ana masikio makali. Shembilu, kinyozi, hasahau uso. Hoza, mwendesha bodaboda, anakijua kila kijia cha bonde.

Mwanakombo alisikia kishindo nyuma ya ukuta wa kibanda chake. Aliiacha chapati iungue. Akamkuta Mwasiti chini, amezimia, akambeba mgongoni hadi zahanati. "Wa nani huyu?" wakamuuliza. Hakujua. Akakimbilia kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara.

Shembilu aliweka wembe chini, akaja, akamtazama. "Mke wa mpima mashamba. Hupita dukani kwangu. Mumewe leo nimemwona akishuka bondeni."

Aliporudi dukani, Hoza alikuwa bado kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. "We Shembilu, unaniacha kama shamba lililoingiliwa na mbuzi?"

"Kichwa chako kitasubiri. Yule mama hasubiri. Kamlete mumewe."

Hoza aliinuka. Alivaa kofia, akawasha pikipiki, akapita vijia ambavyo hata mimi niliyepima bonde lile sivijui, akanifikia na kunipeleka zahanati.

Nilimkuta Mwasiti bado anapumua. Alinishika kidole. "Umefika," akasema. Akaiona kanga ikichungulia mkobani, akatabasamu kidogo. "Umerudi nayo. Basi mpe aliyekuleta."

Hakusema neno jingine.

Tulimzika jioni. Wote watatu walikuja msibani, nami nikawaambia wasia wake.

"Mimi niliendesha tu," alisema Hoza. "Aliyenituma ni kinyozi."

"Mimi nilitambua uso tu," alisema Shembilu. "Aliyeniita ni huyu mama."

Mwanakombo alifuta macho. "Mimi nilimbeba yeye, baba. Wewe sikukuleta."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi. Akaitandaza doti mezani, akashika mkasi. "Vipande viwili, kama kawaida?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Marehemu alitaja mtu mmoja. Kanga ni mbili. Wao ni watatu, na doti ikikatwa vipande vitatu haivaliki. Je, wewe unayenisikiliza, ungemwambia fundi nini?