Mgongo wa Askari wa Lusungu

"Sura ya askari ni ya adui, mgongo ni wa mwenyewe." Mmeisikia kwa fundi cherehani, mkaja mbio kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe, maliza kwanza huo muwa. Methali hii haikutoka mbali, ilizaliwa hapa hapa Iringa, kwa Lusungu kinyozi.

Lusungu mchana alinyoa watu, lakini moyo wake ulikuwa kwa askari wa plastiki, wadogo kama kidole gumba. Yeye na wenzake walikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, wakawapanga mezani, wakarusha dadu na kupigana upya vita vya zamani. Walitaka kujua: je, mambo yangeweza kwenda vingine?

Mwaka ule walitaka vita vya Lugalo, pale Wahehe walipowashinda Wajerumani. Wajerumani walipatikana, lakini Wahehe hawauzwi duka lolote! Basi Lusungu akachukua Wajerumani wengine akawageuza. Aliwakata kofia, akawatengenezea mikuki ya waya na ngao za tyubu ya dawa ya meno. Akawavisha mgolole, ile shuka ya kufunga begani, wa karatasi laini iliyolowekwa gundi, akawapaka rangi hadi weupe wa jicho.

Baba yake, Mzee Mdemu, hakupendezwa. Chumba cha kazi hiyo kilikuwa chake.

"Mtu mzima na vidoli!" alisema. "Jumamosi nitakuja kutazama. Nisipoona la maana, chumba nampangishia mwenye mashine ya kusaga."

Lusungu alikosa usingizi. Hakuwa na mahali pengine pa kuweka askari wake, na zaidi ya hapo, jamani, alitamani baba yake aseme neno moja zuri.

Jumamosi mzee akaja na fimbo yake. Akazunguka meza, akasimama upande wa Wajerumani, akainama kuwatazama Wahehe waliomkabili. Uso ukamlegea.

"Huyu anapiga kelele," alisema. "Mkuki umeutoa wapi?"

"Waya wa redio yako, baba."

"Kumbe ndiyo maana imenyamaza!" Watu wakacheka. Mzee akavuta kiti. "Nami nitacheza. Nipeni Wahehe. Mimi siwezi kukaa kwa Mjerumani."

Akahamia upande wa pili, nyuma ya jeshi lake. Hapo kicheko kikamkauka. Alimwinua askari mmoja, akamgeuza, akamwinua mwingine.

"Lusungu. Mhehe gani huyu amebeba begi la Mjerumani?"

Lusungu akazunguka meza, akatazama. Kweli, kwa haraka ya kuwapendezesha alikuwa amefunga mgolole kifuani tu. Migongoni mlibaki mabegi na mikanda ya Kijerumani, kijivu kile kile cha kiwandani.

"Nilidhani mgongo hautaonekana, baba."

"Na nani? Adui ndiye anayeona sura. Mimi ninayewaongoza nitakaa hapa mchana kutwa nikitazama mabegi haya. Umewapamba kwa ajili ya yule wa ng'ambo ya meza, mimi mwenyewe ukaniachia kijivu!"

Lusungu alitamani kulia. Akaanza kuwakusanya askari. "Samahani, baba. Chumba nitakihama kesho."

"Nani amesema uhame?" Mzee alimshika mkono. "Hicho kisu chako kinakata?"

"Kinakata."

"Kilete. Na hiyo karatasi ya mgolole. Vita vitasubiri."

Wakakaa bega kwa bega, baba akiyakata mabegi, mwana akifunika migongo, na wenzake wakichungulia kujifunza. Mzee alimkata askari mmoja mkono kwa bahati mbaya, akasema huyo alijeruhiwa zamani. Vita havikupiganwa siku ile.

Chumba hakikupangishwa. Mwenye mashine ya kusaga alipokuja kukitazama, alikuta kimeongezwa kiti cha pili, na mzee amekikalia, brashi mkononi.

Kwa hiyo mkimwona mtu anang'arisha sebule ya wageni huku watoto wake wanalala pabovu, msimtukane. Mwambieni taratibu: sura ya askari ni ya adui, mgongo ni wa mwenyewe.