Pishi ya Kiboko Mpakani kwa Simba

Enzi zile wanyama walipokuwa wakilima na kubadilishana mazao, mvua iliisusa nchi ya Simba. Mtama ukakauka ukiwa haujafika hata magoti ya Sungura. Ng'ambo ya mto, nchini kwa Nyati, maghala yalijaa pomoni, ila chumvi hawakuwa nayo. Kwa Simba chumvi ilikuwa ya kuokota tu. Basi wakaanza kubadilishana, pishi ya chumvi kwa pishi ya mtama.

Pishi, vyombo hivyo vya kupimia, zilichongwa kwa mti mgumu, na kila nchi ilikuwa na mpimaji wake: Tembo kwa Simba, Kiboko kwa Nyati. Mpimaji alimimina maji kutoka pishi yake kuu hadi pishi mpya. Yakienea sawasawa, bila kupungua wala kumwagika, aliichoma alama ya moto ubavuni.

Sungura, baba wa watoto wengi na wote wana njaa, alivuka mto na chumvi yake, akajipatia pishi yenye alama ya Kiboko na kikapu cha mtama, akarudi akipiga mluzi. Mpakani alimkuta Fisi, mkaguzi wa Mfalme Simba.

"Tua mzigo. Hiyo pishi naipima upya," Fisi alisema.

"Imekwisha kupimwa, Bwana Fisi. Huoni alama?"

"Alama ya Kiboko ni ya huko kwao. Hapa ni kwa Simba!"

Fisi akaijaza pishi ya Sungura mtama, akaumimina kwenye pishi yake mwenyewe, yenye alama ya Tembo. Haukujaa.

"Unaona? Pishi ya uongo! Mtama uliopimwa kwa uongo hauingii." Akajichotea nusu ya kikapu, mate yakimdondoka.

Sungura alifika nyumbani amenywea. Jirani zake nao walikuwa wamepunjwa vivyo hivyo, na wote walikuwa wakiwalaani watu wa Nyati kwa wizi. Nyati aliposikia anatukanwa, akaapa kuufunga mto, asivuke mtu.

"Akiufunga, tutawalisha nini hawa?" mkewe Sungura aliuliza.

Sungura aliichukua pishi ya mkewe, iliyopimwa na Tembo, akamimina chumvi kutoka hiyo hadi ile ya Kiboko. Ikaenea sawasawa. Akarudia. Ikaenea tena.

"Mama watoto," alisema, masikio yakimsimama, "Kiboko hana kosa."

Lakini nani angethubutu kumwambia Simba kwamba mkaguzi wake ni mwizi? Sungura akatafuta njia nyingine. Alikwenda barazani akapiga magoti.

"Mtukufu Mfalme, ng'ambo wanasema pishi ya Tembo haiwezi kusimama mbele ya pishi ya Kiboko."

Simba alinguruma mpaka ndege wakaruka. "Wanasema hivyo? Waiteni! Zisimamishwe pamoja leo hii!"

Wakakutana kwenye kisiwa katikati ya mto, Simba na watu wake huku, Nyati na watu wake kule. Tembo akamimina maji kutoka pishi yake kuu hadi ile ya Kiboko. Yakaenea hadi ukingoni, tone lisimwagike. Kiboko naye akapima ya Tembo. Vilevile.

"Kumbe pishi yake ni nzuri kama yangu!" Simba alisema.

"Na yako kama yangu," Nyati alijibu, na uso wake ukalainika.

"Basi, watukufu," Sungura alidakia, "pishi iliyopimwa na mmoja si imepimwa kwa wote wawili? Kwa nini tuipime tena mpakani?"

"Hapana!" Fisi alifoka. "Mimi je? Mimi pia napima!"

"Kweli kabisa," Sungura alisema kwa upole. "Bwana Fisi naye alete yake, isimame na wenzake."

"Yangu... nimeiosha. Haijakauka."

"Lete," Simba alisema.

Tembo akamimina. Maji yaliishia chini ya ukingo. Akaiinamisha pishi ya Fisi juani, akachungulia ndani, kisha akamgeuzia Mfalme. Kwa nje ilikuwa ileile aliyoichoma alama. Kwa ndani ilikuwa imetafunwa pande zote mpaka kuta zake zimekuwa nyembamba, na alama za meno zilionekana wazi.

Walicheka hata Kiboko akaanguka majini. Simba peke yake hakucheka. Fisi aliona macho yake, akatimua mbio mkia katikati ya miguu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye mto ule. Nyumbani kwake walikuta mtama umejaa hadi darini, kila mtu akarudishiwa wake.

Wafalme wakapatana: atakachopima Tembo, Kiboko atakikubali, atakachopima Kiboko, Tembo atakikubali, na kila mavuno wapimaji wakutane kisiwani wapimiane pishi zao kuu, ili kuaminiana kwao kusiwe kwa maneno matupu.

Safari iliyofuata Sungura alimkuta Twiga, mkaguzi mpya, mpakani. Twiga aliinamisha shingo, akaitazama alama ya Kiboko, akasema, "Pita, ndugu yangu."

Sungura alikuwa ameshatua kikapu chini, akingoja kupimwa upya.

"Pita bwana, watoto wanakungoja!" Twiga alimwambia akicheka. Sungura akajitwika kikapu chake kizima, akaondoka akirukaruka.