Bubu wa Banda la Siwema

“Usimlaumu bubu kabla hujamtazama aliyemziba mdomo.” Mmemsikia fundi akiyasema maneno hayo leo, mkacheka, na sasa mnataka kujua yalitoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Siwema alikuwa na banda la kuonyeshea mpira pale Mombo. Kompyuta yake ilikuwa ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ameiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa, na ole wako uiguse.

Siku ya fainali banda lilifurika hata watu wakakalia ndoo. Mbele kabisa alikaa Mzee Kilua. Mzee huyu alipofuka zamani, lakini mpira haukumpita, kwa kuwa masikio yake ndiyo yaliyokuwa macho yake. Siku hiyo mjukuu wake, Hoza, alikuwa kwenye benchi la timu kubwa kwa mara ya kwanza.

“Siwema, mama,” mzee alisema, “mimi kombe silitaki. Nataka nimsikie mtangazaji akilitaja jina la Hoza.”

“Utalisikia, babu, mpaka uchoke!”

Mpira ukaanza. Picha safi, sauti hakuna.

Siwema akapandisha sauti. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya. Akaipiga spika kofi, akakimbia saluni ya jirani kuazima nyingine, akarudi anahema. Kimya kilekile! Akairudisha yake. Kila alipojaribu, kompyuta ilimletea ujumbe kwamba kifaa cha sauti kinatumika, naye kila mara aliufuta bila kuusoma, maana mwenye haraka hana macho.

“Spika yako bubu, Siwema!” akapiga kelele Shekiondo, kinyozi, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. “Itupe jalalani!”

Kuizima kompyuta na kuiwasha upya Siwema aliogopa. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kubembeleza, na matangazo yakikatika huenda yasirudi tena. Watu wakaanza kumsimulia mzee, lakini kila mmoja alisimulia kwa upande wake. Huyu anasema penalti, yule anasema amejiangusha mwenyewe. Mzee Kilua akainamisha kichwa. Siwema alipomwona hivyo, moyo ulimuuma.

Mara banda zima likalipuka: “Hoza! Hoza anavua koti! Anaingia!”

Mzee akasimama. “Siwema! Mchana nilipopita hapa ulikuwa unajaribu spika kwa muziki.”

“Ndiyo, babu.”

“Ilikuwa inaimba vizuri. Halafu wimbo ukakatika katikati ya neno. Uliuzima wewe?”

“Hapana. Uliganda wenyewe, mimi nikaufunga tu.”

“Spika iliyoimba mchana haiwezi kuwa bubu jioni bila sababu. Huo wimbo uliishia wapi?”

Siwema akaganda kama wimbo wenyewe. Kisha akajipiga paji la uso. Ule ujumbe! Kifaa kinatumika. Kinatumiwa na nani?

Akaivuta kibodi, akaandika amri ya kuiuliza kompyuta ni programu gani imeikalia kadi ya sauti. Jibu likaja papo hapo: ni ile programu ya muziki ya mchana. Ilikuwa imetoweka kwenye kioo, kumbe ndani bado i hai, imeganda, haiimbi wala haimwachii mwenzake aimbe.

“Mchawi wangu huyu hapa!” akapiga yowe. Akaandika amri ya kuiua, akabonyeza, akafungua matangazo upya. Kile kigurudumu cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, na watu wote wakazuia pumzi.

“...Hoza!” sauti ikapasua banda. “Hoza anampita mmoja, Hoza anaingia ndani ya boksi, Hoza huyooo...”

Mpira uligonga mwamba ukatoka nje. Banda zima likashika vichwa. Mzee Kilua peke yake alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mkono wake umeikumbatia ile spika.

“Nimelisikia,” alisema. “Mara nne!”

Shekiondo akajikohoza. “Mzee, hata mimi niliona spika haina kosa.”

“Wewe kinyozi,” mzee akamjibu, naye bado ameikumbatia, “usimlaumu bubu kabla hujamtazama aliyemziba mdomo.”